Jina la bandia humficha nani?

Ilikuwa tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, katika mji mdogo wa jimbo la New York. Gwaride likapita. Mbele ilitangulia nakala kubwa ya jalada la kitabu. Nyuma yake magari ya wakazi waliovaa vinyago, kila gari limebandikwa jina ambalo hakuna mkazi aliyewahi kuitwa. Mwisho kabisa ikaja mashine ya kutawanyia samadi shambani, imejaa hadi juu, na sanamu ya mtu imeuinamia mzigo huo. Sanamu hiyo ilikuwa "mwandishi".

Kitabu chenyewe kilitoka mwaka 1958. Watafiti wawili wa maisha ya jamii, Arthur Vidich na Joseph Bensman, walikuwa wameandika jinsi mji ule unavyoendeshwa na nani ana sauti ndani yake. Waliuita Springdale, na wakuu wake wakapewa majina ya kubuni. Ahadi ya kuficha majina ilikuwa imetimizwa, lakini wenyeji walijitambua, na vinyago vya gwaride vilikuwa jibu lao: mmetuvisha, basi tazameni tulivyopendeza.

Nimekikumbuka kisa hiki kwa sababu vitabu vya kitaaluma kuhusu maisha ya kila siku havikauki: vya madereva wanaopangiwa kazi na programu ya simu, vya wahamiaji, vya wazee wanaotunzwa na watu wasio wa damu yao. Vingi vina sentensi moja kwenye dibaji: majina ya watu na mahali yamebadilishwa. Tumeizoea, tunaipita kama tunavyopita tangazo la usivute sigara.

Wanaoitetea sentensi hiyo wana hoja nzito. Mtu asiye na kibali cha kuishi nchini, mfanyakazi anayemsema bosi wake, mke anayepigwa, hawa hawatazungumza kwa majina yao. Ukiwaondolea siri, kitabu kitabaki na maneno ya wale wenye ubavu wa kusema hadharani, yaani walewale ambao tumeshawasikia. Tena mtafiti hamfuati Fulani kwa kuwa ni Fulani. Anachotaka ni kujua deni, ndoa au ujirani vinavyofanya kazi. Robert na Helen Lynd walipochapisha utafiti wao wa Muncie, Indiana, mwaka 1929, waliuita mji huo Middletown, mji wa katikati, ili msomaji auone kama mji wowote tu. (Siri yenyewe haikudumu. Leo chuo kikuu cha hapohapo Muncie kina kituo cha utafiti chenye jina hilo la kubuni.)

Sasa tuisogelee siri hii. Chukua sentensi ya mfano, ya aina inayopatikana katika vitabu hivi: "Bi. R., karani wa zamu ya usiku, ambaye mumewe aliondoka mwaka ghala lilipoungua, anasema mama mkwe ndiye aliyeivunja ndoa." Jina halipo. Kwa msomaji wa mbali, huyo ni karani mmoja kati ya maelfu. Kwa wenzake wa kazini, ghala liliungua mara moja tu na makarani wa usiku walikuwa wawili, mmoja mwanamume. Na mama mkwe naye anajua kusoma. Siri ya mtungi iulize kata. Jina la bandia limemficha Bi. R. kwa wageni, ambao hawana la kumfanya, na limemwacha wazi kwa jamaa na majirani, ambao kesho ataamkiana nao. Zamani umbali ulisaidia, maana kitabu kilikaa kwenye rafu ya chuo na asiye mwanafunzi hakukiona. Siku hizi binti yake anaandika maneno matatu kwenye simu, ukurasa unafunguka.

Mwanaanthropolojia Nancy Scheper-Hughes aliyaonja haya. Mwaka 1979 alitoa kitabu kuhusu upweke na ugonjwa wa akili katika kijiji kimoja cha Ayalandi, alichokipa jina la kubuni. Wanataaluma walikisifu, kijiji kikatambulika. Aliporudi mwaka 1999, wenyeji hawakumtaka na ikambidi aondoke. Baadaye alikiri kwamba kuficha majina humsahaulisha mwandishi adabu na utu ambao angemwonyesha mtu yuleyule wakiwa ana kwa ana. Hoja hii ndiyo inayonigusa kuliko zote. Kinyago hakimfichi mhojiwa peke yake, kinamlegeza na mwandishi. Ukishamwita mtu Bi. R., unamwandikia yale ambayo usingethubutu kumwambia akiwa anakumiminia chai.

Upande wa ukweli nao una kesi yake. Mwaka 2014 Alice Goffman alitoa kitabu kuhusu vijana wa Philadelphia waliokuwa wakisakwa na polisi. Alibadilisha majina, akaharibu madaftari yake ya uwandani ili yasije yakatumiwa kuwashtaki. Wakosoaji, akiwemo profesa wa sheria Steven Lubet, wakahoji ukweli wa baadhi ya masimulizi yake. Naona pande zote mbili zilikuwa na haki, na ugumu uko hapo: kwa aliye nje, ulinzi na uzembe vina sura moja.

Mitchell Duneier alipita njia nyingine. Katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu wauza vitabu na magazeti wa kando ya barabara New York, alitumia majina halisi kwa ridhaa yao, akawasomea mswada, na mmoja wao akaandika maneno ya mwisho kitabuni. Wako wanaoona hapa dawa imepatikana. Mimi naona nusu ya dawa. Biashara ya kando ya barabara iko machoni pa watu. Ingia ndani ya ndoa au ofisi uone: utakayemsomea kwanza atataka maneno ya wa pili yafutwe, na mwenye cheo ndiye atakayefuta mengi. Meneja atarudisha mswada na mistari myekundu. Karani ataona haya hata kuuliza neno moja lina maana gani.

Pamoja na hayo, bado naegemea kwenye kumsomea mhojiwa mswada kuliko kwenye jina. Fomu ya ridhaa husainiwa kabla mahojiano hayajaanza, wakati hata mtafiti mwenyewe hajui ataandika nini. Bi. R. aliridhia mazungumzo, hiyo aya hajawahi kuiona. Akisomewa, huenda ghala likaondolewa na hoja ya kitabu isipungue hata chembe. Na meneja akilalamika, mwandishi ana haki ya kukataa, mradi atuambie kwamba alikataa.

Kwa hiyo nikifungua kitabu kipya cha aina hii, baada ya "majina yamebadilishwa" natafuta sentensi ya pili: nani alisomewa, alipinga nini, mwandishi aliachia wapi na aling'ang'ania wapi. Mara nyingi siioni. Dibaji inaruka moja kwa moja kwenye shukrani kwa wafadhili, nao wametajwa kwa majina yao kamili.