Mbachao kwa Msala Upitao: Spitfire Iliyotolewa na Kittyhawk Isiyofika

Tarehe 28 Juni 1942 rubani kijana wa Jeshi la Anga la Uingereza, Dennis Copping, aliruka na ndege ya kivita aina ya Kittyhawk iliyokuwa na hitilafu, akiipeleka kituo kingine kutengenezwa. Alikuwa na umri wa miaka 24. Alipotea njia juu ya Jangwa la Magharibi la Misri, akatua mchangani mbali na kisima na mbali na watu, na hakuonekana tena. Mwaka 2012 wafanyakazi wa kampuni ya mafuta waliikuta ndege ile, yenye namba ET574, ingali nzima kwa kiasi cha kushangaza. Mabawa yapo, mita za chumba cha rubani zipo, rangi imelambwa na upepo wa mchanga hadi bati likabaki jeupe. Karibu yake palikuwa na parashuti ambayo yaelekea Copping aliitandaza apate kivuli.

Makumbusho ya Jeshi la Anga la Uingereza, RAF Museum, yaliitaka sana ndege hiyo. Yakafunga mkataba na kampuni moja ya Kiingereza iende kuitoa jangwani, na malipo hayakuwa fedha. Yalikuwa ndege nyingine: Spitfire, ndege ya kivita ya Kiingereza, ya toleo la 22, namba PK664, iliyoundwa mwaka 1945. Spitfire ikatoka katika mkusanyo wa taifa ikaenda mikononi mwa kampuni. Kittyhawk nayo ilitolewa mchangani, ikatiwa katika kontena El Alamein, na hapo ikakwama, kwa kuwa Misri haikuiachia. Miaka ikapita. Hatimaye ikapakwa rangi mpya na kuwekwa katika makumbusho ya kijeshi ya El Alamein.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao ni mkeka uliochakaa, lakini ndio ulio ndani ya nyumba. Wapenzi wa ndege za zamani kule Uingereza hawaijui methali hii, ila hasira waliyoionyesha kwa miaka ile ilikuwa ni methali hii hii kwa maneno yao. Nimefuatilia ugomvi huo kwa muda mrefu kwa sababu nazipenda ndege hizi, na kwa sababu naona kila upande umeshika kipande cha haki na kukiita haki nzima.

Nianze na walioamua. Spitfire ziliundwa zaidi ya 20,000, na makumbusho yale yalikuwa na nyingine kadhaa, ikiwemo ya toleo la 24 ambayo ni ndugu wa karibu kabisa wa ile iliyotolewa. PK664 ilikuwa bohari, si ukumbini. Mtoto wa shule aliyefika kwenye makumbusho hayo huko Hendon, kaskazini mwa London, hakuiona. Tena, pamoja na uzuri wake, iliundwa vita vikielekea ukingoni. Kittyhawk ya Copping ilikuwa kitu kingine kabisa: ndege iliyopigana jangwani, iliyobaki palepale ilipotuliwa na rubani wake wa mwisho, bila fundi yeyote kuigusa kwa miaka 70. Na haikuwa na muda wa kusubiri. Tangu habari zake zitangazwe, watu walianza kuifikia na kuinyofoa vipande. Mlinzi wa mkusanyo aliyeona hivyo, akapima ndege ya bohari ambayo ina ndugu zake dhidi ya ndege isiyo na mfano inayoliwa siku hadi siku, hakuwa mpumbavu kuchagua ya pili. Mimi pia ningeichagua.

Wala makumbusho yale hayakuwa mageni wa kazi ya aina hiyo. Nilipoingia Hendon kwa mara ya kwanza nilikwenda moja kwa moja kwenye Spitfire kama kila mtu, lakini kilichonisimamisha ni Halifax, ndege kubwa ya kudondosha mabomu iliyotolewa katika ziwa Hoklingen, Norway, mwaka 1973. Ilipigwa Aprili 1942 ilipokwenda kuishambulia manowari ya Kijerumani ya Tirpitz, ikatua juu ya barafu ya ziwa, kisha ikazama. Hawakuinyoosha wala kuipaka rangi. Imekunjamana kama ilivyotoka majini. Nilisimama mbele yake muda mrefu kuliko mbele ya ndege yoyote inayong'aa. Waliojua kuiacha Halifax ilivyo ndio waliotaka kuileta Kittyhawk, na naamini wangeiweka vilevile, na mikwaruzo yake ya mchanga na matundu yake.

Sasa wenye hasira. Kirahisi tu mtu anaweza kuwaita wazee wa kukariri namba za mkiani, na wako wanaowaita hivyo. Lakini sikiliza wanachosema. Wanasema ndege iliyomo katika mkusanyo wa taifa ni amana, na amana haifanywi fedha. Mjane aliyekabidhi daftari la safari za mumewe, fundi mstaafu aliyejitolea Jumamosi zake kufuta kutu na kutafuta vipuri, mzee aliyetoa mchango mdogo kila mwaka, wote walitoa wakijua kwamba kinachoingia humo kimetoka sokoni. Siku kinapotumika kulipia bili, wao hujiuliza walikuwa wakimtumikia nani. Hilo si swali la watoto. Na kuwa na ndugu bohari hakuondoi uzito wake, maana makumbusho huweka vitu bohari kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa.

Lakini neno lao zito zaidi, kwangu mimi, ni jepesi kulieleza: mliachia cha kwenu kabla ya kushika cha mwenzenu. Hapa siwezi kuwatetea walioamua. Ndege iliyokuwa inatafutwa ilikuwa katika ardhi ya nchi nyingine, nchi iliyokuwa imetoka tu katika mapinduzi ya mwaka 2011, ambayo serikali yake ilibadilika tena mwaka 2013. Mfanyabiashara wa Kariakoo hatoi lori lake kwa ahadi ya kontena lililoko bandari ya nchi nyingine bila karatasi za forodha mkononi. Malipo ya ndege yalipaswa kusubiri ndege ifike, au angalau kibali cha Misri kiwe kimesainiwa. Kuthamini kilichoko jangwani ni jambo moja, kukilipia kingali jangwani ni jambo jingine. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa iliyokwisha hivyo ilikuwa mali ya umma.

Nakubaliana nao hadi hapo. Naachana nao pale wanapoizungumzia Misri.

Katika hasira yao wengi walisema Kittyhawk "imepotea", kana kwamba imetumbukia baharini. Imepotea kwa nani? Ilianguka Misri, ikalala Misri miaka 70, na sasa iko Misri, katika mji ambao jina lake ndilo lililoipa vita ile ya jangwani kumbukumbu yake. Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna sababu ya kulitazama hili kwa jicho jingine. Kati ya mwaka 1909 na 1913 mifupa ya mijusi wakubwa wa kale (dinosaria) ilichimbwa Tendaguru, karibu na Lindi, ikabebwa vichwani na watu wetu hadi pwani na kupakiwa meli kwenda Ujerumani. Mmoja wao anasimama Berlin leo, urefu wa mita 13 hivi, na mtoto wa Lindi akitaka kumwona sharti apate viza. Anayelijua hilo haoni ajabu nchi ya Kiafrika ikisema kilichomo katika mchanga wetu kitabaki kwetu. Copping hakuomba ruhusa ya Wamisri kupigana juu ya nchi yao, na waliomtuma hawakuwauliza.

Hata hivyo haki ya kukaa na kitu haimaanishi kimetunzwa vizuri, na kuhusu rangi ile naumia kama wao. Thamani ya Kittyhawk haikuwa katika umbo lake, kwa sababu Kittyhawk zilizotengenezwa upya na zinazoruka zipo. Thamani yake ilikuwa ngozi yake: bati lililosuguliwa na upepo, alama za risasi, kila kovu likiwa mahali pake. Brashi ya rangi imefunika hayo yote, na kinachoonekana sasa kinafanana na mfano wa ndege uliowekwa mbele ya kambi. Waliofanya hivyo nadhani walitaka kuipa heshima, kama tunavyopaka chokaa kaburi la mzee. Lakini rangi ikishaingia katika bati la namna ile, kuiondoa bila kuchukua na kilicho chini yake ni kazi ngumu mno. Hasara ya kweli ya kisa hiki iko hapo, na ni hasara ya Misri pia.

Ugomvi wa namna hii haukuanza wala kuishia Hendon. Mwaka 2002 shirika la wapenzi la Commemorative Air Force la Texas, ambalo lilikuwa na ndege adimu ya F-82 Twin Mustang, ile yenye viwiliwili viwili vilivyounganishwa kwa bawa moja, lilitaka kuibadilisha kwa ndege nyingine ya kivita, P-38 Lightning. F-82 yao ilikuwa imepata ajali mwaka 1987 na haikuwa ikiruka. Zilizosalia duniani zinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Makumbusho ya Jeshi la Anga la Marekani yakasema hapana: ndege ile ilitolewa kwenu kwa masharti, nanyi hamna haki ya kuitoa. Kesi ikaenda mahakamani, shirika likashindwa, na ndege ikahamia kwenye makumbusho hayo huko Dayton, Ohio, ambako tayari kulikuwa na F-82 nyingine, Betty Jo, iliyowahi kuruka moja kwa moja kutoka Hawaii hadi New York mwaka 1947. Katika kisa hiki wapenzi ndio waliotaka kubadilisha, na serikali ndiyo iliyosimama upande wa amana. Wanaodhani serikali huuza daima na wapenzi hulinda daima wangekitafakari. Watu wa Texas waliohangaika na ndege ile miaka mingi walilia, na sina ubavu wa kuwaambia walikosea kulia, ingawa naona mahakama ilikuwa sahihi.

Ndege ya mtu binafsi ni habari nyingine. Tarehe 9 Julai 2015 Spitfire P9374, iliyotua kwa dharura katika ufuko wa Calais Mei 1940 na mabaki yake kuibuka mchangani mwaka 1980, iliuzwa mnadani London kwa zaidi ya pauni milioni 3. Siku hiyohiyo pacha wake, N3200, aliyeangukia ufuko wa jirani wiki ileile ya vita, alikabidhiwa bure kwa makumbusho ya Imperial War Museum huko Duxford. Waliomiliki zote mbili walielekeza fedha za mnada kwa mfuko wa kuwasaidia wanajeshi wa anga na kwa uhifadhi wa wanyamapori, likiwemo shirika la Panthera linalolinda simba na chui. Kelele hazikuwa nyingi, na naona sababu yake. Mwenye mali alisema wazi anauza nini, anatoa nini, na fedha zinakwenda wapi, kabla nyundo haijagonga meza.

Linganisha na hofu iliyowashika watu baada ya Paul Allen, mwanzilishi mwenza wa Microsoft, kufariki Oktoba 2018. Mkusanyo wake wa ndege za zamani wa Everett, jimbo la Washington, ulifungwa mwaka 2020, na kwa muda mrefu umma haukuelezwa utakwenda wapi. Humo mlikuwa na Focke-Wulf 190, ndege ya kivita ya Kijerumani, iliyokutwa msituni karibu na Leningrad mwaka 1989. Katika ukimya ule kila uvumi ulipata kiti, mpaka mwaka 2022 ilipotangazwa kwamba mkusanyo umenunuliwa. Milango ilifunguliwa tena Mei 2023 palepale Everett. Watu waliokuwa wameomboleza miaka miwili wangeepushwa na tangazo la ukurasa mmoja.

Kwa hiyo nikiulizwa mpenzi wa ndege ana haki gani juu ya ndege asiyoimiliki, jibu langu ni kwamba hana haki ya kukataza. Mikusanyo ikikatazwa kubadilishana itajaa vitu vinavyofanana na kufa kwa gharama za paa. Na rubani wa kulipwa na mmiliki tajiri si maadui. Bila wao tusingesikia injini ya Merlin, ile ya Spitfire nyingi, ikinguruma hewani, ingawa ajali ya maonyesho ya ndege ya Dallas ya Novemba 2022, iliyoua watu sita na kuteketeza ndege mbili adimu, inatukumbusha bei ya sauti hiyo. Haki aliyonayo mpenzi ni ya kuambiwa mapema: kitatoka nini, kitaingia nini, kwa karatasi gani, na iwapo mpango ukiharibika kilichotoka kitarudi au hakirudi. Sharti hilo la mwisho ndilo ninalolitafuta kila nikisoma habari za mkataba wa Kittyhawk, na ndilo lingeirudisha PK664 nyumbani.

Mwili wa Dennis Copping haukutambuliwa hadi leo. Jina lake limechongwa katika mnara wa kumbukumbu wa makaburi ya Alamein, pamoja na ya wenzake wasio na kaburi, na ndege yake iko katika mji uleule. Kila anayeomba Kittyhawk iletwe Uingereza, na kila anayetaka ibaki Misri, angeanza na ombi dogo ambalo pande zote mbili zinaweza kulitimiza bila kusaini mkataba wowote: kibao chenye jina la rubani kisimame mbele ya ndege yake, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza.