Shimo jeusi la galaksi yetu si mlafi

Kuna video inayozungukazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Lubumbashi: shimo jeusi (kitu chenye mvuto mkubwa kiasi kwamba hata nuru haitoki) linameza sayari, linameza nyota, kesho litatufikia na sisi. Watoto wanaogopa, wakubwa wanaituma mbele. Mimi inaniuma, na si kwa sababu ya hofu peke yake. Inatunyima habari nzuri zaidi, ambayo ni ya kweli.

Shimo lililo katikati ya galaksi yetu linaitwa Sagittarius A*. Uzito wake ni kama Jua letu mara milioni 4, na umbali wake unapita miaka ya nuru 26,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao nuru inasafiri kwa mwaka mmoja). Halitufuati. Mwezi wa sita, saa sita usiku, sehemu hiyo ya anga, pale karibu na mkia wa kundi la nyota linaloitwa Nge, inapita karibu na utosi wetu hapa Lubumbashi. Walioko Paris wanaiona chini kabisa, imechomoza kidogo tu.

Linakula nini basi? Kwa sehemu kubwa, upepo wa nyota. Karibu nalo kuna nyota kubwa ambazo bado ni changa, zenye umri wa miaka milioni chache. Zinapuliza gesi kwa kasi ya mamia ya kilomita kwa sekunde, nyingine zaidi ya 1,000. Upepo wa hii unagongana na wa ile, gesi inapata joto la mamilioni ya nyuzi, inatoa eksirei. Darubini ya Chandra, inayofanya kazi angani, iliitazama gesi hiyo, na mwaka 2013 watafiti wakaeleza kwamba haifiki hata asilimia 1 inayoingia shimoni. Iliyobaki inasukumwa nje. Huyo ni mgeni anayeonja tonge moja na kurudisha sahani.

Na nyota zenyewe? Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba zilizaliwa palepale, ndani ya gesi iliyokuwa inalizunguka shimo. Gesi ilizaa nyota, sasa nyota zinairudisha gesi. Mimi hapo ndipo ninapoona uzuri wa jambo hili, na video haigusi hata kidogo.

Mwaka 2014 kitu kinachoitwa G2, kilichodhaniwa kuwa wingu la gesi tupu, kilipita karibu sana na shimo. Wengi walingoja mlipuko wa mwanga. Kikapita, kikaendelea na safari. Watafiti wengi wanaona kwamba ndani yake mna nyota, na ndiyo iliyoishika gesi isitawanyike. Ni kweli, nyota ikikaribia mno inararuliwa, lakini hata hapo karibu nusu ya gesi yake inaponyoka.

Katika galaksi za mbali ambazo mashimo yao yanakula kwa nguvu, gesi ya karibu na shimo imejaa elementi nzito zilizopikwa na nyota, na shaba ni mojawapo ya elementi za namna hiyo. Nyota kubwa ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa ya shaba ya ulimwengu. Sisi wa Katanga, tunaoishi juu ya shaba, tungepaswa kuwa wa kwanza kuuliza nyota zinafanyaje kazi hiyo.

Ninachotaka ni mambo haya yafundishwe sekondari, tena kwa hesabu. Nyota S2 inalizunguka shimo kwa miaka 16. Njia hiyo ni duara lililorefuka, na nusu ya kipenyo chake kirefu ni kama mara 1,000 ya umbali kati ya Dunia na Jua. Kanuni ya Kepler, ile ya mizunguko ya sayari na nyota, inasema: zidisha 1,000 mara 1,000 mara 1,000, upate bilioni 1; gawa kwa 16 mara 16, yaani 256. Jibu ni karibu milioni 3.9, na ndio uzito wa shimo kwa kipimo cha Jua. Wanaastronomia Reinhard Genzel na Andrea Ghez walifuatilia S2 na nyota nyingine za karibu na shimo kwa miaka mingi, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 2020. Mwanafunzi wa Katuba au Ruashi anaweza kuifanya hesabu hiyo ubaoni kwa chaki.