Rangi ya gari imepauka: ipigwe polishi au ipakwe upya?

Chukua kitambaa cheupe, kitie polishi kidogo, kisha sugua pembe ya boneti iliyopauka. Ukimaliza usitazame gari, tazama kitambaa. Kama gari ni jekundu na kitambaa kimetoka chekundu, basi unashughulika na rangi ya tabaka moja, ile iliyopakwa bila klia juu yake. Kama kimetoka na uchafu wa kijivu tu, yaelekea juu ya rangi kuna klia, yaani lile tabaka angavu ambalo magari mengi yamekuwa nalo tangu miaka ya 1980.

Naanza na kitambaa kwa sababu mabishano mengi kuhusu jambo hili huanzia mahali pasipofaa. Mtu analitazama gari lake, anaona limechoka, anaamua kwamba likichoka sana lipakwe upya na likichoka kidogo lipigwe polishi. Ubaya wa sura hauamui chochote. Nimeona boneti nyekundu ya tabaka moja iliyogeuka waridi yenye vumbi kama chaki, ambayo mwenyewe alishaikatia tamaa, ikarudi wekundu wake kwa mchana mmoja wa kompaundi, ile polishi kali inayokwangua, na jasho. Nimeona pia gari linalong'aa vizuri tu, isipokuwa kipande cha ukubwa wa kiganja juu ya paa ambapo klia imebanduka, na kipande hicho hakina dawa. Cha kuuliza ni tabaka lipi limekufa, na limekufa kwenye sehemu ipi ya bodi.

Rangi ya kiwandani ni nyembamba kuliko watu wanavyodhani. Ukihesabu kila kitu kuanzia bati hadi juu, yaani praima (rangi ya msingi inayoshika bati), rangi yenyewe na klia, kwa kawaida unapata maikroni 100 hadi 150, na maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu ni kama 70. Klia peke yake mara nyingi ni 35 hadi 50, na humo ndimo ilimo kinga dhidi ya jua. Polishi haiongezi kitu juu ya klia; inaichonga. Mikwaruzo midogo inatoweka kwa sababu uso umeshushwa hadi ukalingana nayo, mwanga ukapata pa kuakisi bila kutawanyika. Kila kipindi cha kusugua kwa mashine huondoka na maikroni chache, na ukitangulia na msasa wa maji zinaondoka nyingi zaidi. Hakuna namna ya kuzirudisha.

Kwa hiyo wanaosema "piga polishi kwanza, haina hasara" hawajasema kweli yote. Hasara ipo. Niliipata mwenyewe kwenye ukingo wa boneti, mahali bati linapojikunja, ambapo klia huwa nyembamba na mashine hukandamiza zaidi. Niliona sponji imeanza kushika rangi ya gari, na nikaendelea sekunde mbili tatu zaidi kwa ukaidi. Doa lililobaki lilikuwa dogo kama kucha ya kidole gumba, limefifia, halishiki mng'ao hata upake nta namna gani. Boneti ile iliishia kwa fundi rangi, safari ambayo polishi ilikuwa imekusudiwa kuizuia.

Hata hivyo, bado natetea rangi ya awali mpaka ishindikane kabisa, na sababu yangu kubwa ni joto. Kiwandani, bodi huzamishwa tupu kwenye pipa la praima inayoshikishwa kwa umeme, ikaingia hadi kwenye mianya ambayo bunduki ya rangi haifiki, kisha huokwa kwenye tanuri. Hata klia huokwa kwa joto la karibu nyuzi 140 za Selsiasi. Gari lililokwisha kuunganishwa huwezi kulipeleka huko, maana plastiki, mipira na nyaya zitaharibika. Fundi anatumia rangi ya kuchanganya na hadina, yaani dawa ya kuikaza, akiikausha kwa takriban nyuzi 60 ikiwa ana tanuri, au kwa hewa tu ikiwa hana. Si rangi mbaya. Ikipakwa vizuri inakaa miaka mingi. Lakini ukishasaga ya kiwandani umeiaga, na ubora wa itakayofuata unategemea mkono wa mtu mmoja na usafi wa chumba kimoja.

Kuna na suala la kuuza. Mnunuzi mwenye kipimo cha unene wa rangi ataweka kifaa kwenye paa akasoma 120, akaweka mlangoni akasoma 300, kisha atakutazama usoni. Unaweza kumweleza kwamba ulipenda tu ling'ae. Atakuwa ameshaanza kufikiria ajali.

Upande wa pili nao una hoja ambazo wapenzi wa polishi huzikwepa. Klia iliyobanduka imebanduka. Pitisha kucha kwenye mpaka wa doa lililopauka. Ikikwama kwenye ngazi, hapo hakuna cha kung'arisha, na mashine itaamsha kingo na kubandua zaidi. Mafuta na nta vitaficha doa kwa siku kadhaa, ujanja ambao wauzaji wanaujua vizuri. Mkwaruzo uliofika kwenye praima au bati ni hivyohivyo. Na malengelenge chini ya rangi ni kutu inayotembea: hapo kusubiri ndiko ghali, kwa sababu leo unapaka na kesho unakata bati.

Ninachokipinga kabisa ni kupaka upya kwa haraka juu ya rangi iliyooza. Rangi mpya hushika kwa nguvu za ile iliyo chini yake, basi. Klia ya zamani ikiwa imeachia rangi iliyo chini yake na haikusagwa hadi mahali palipo imara, itaondoka na mpya mgongoni. Sehemu kubwa ya kazi nzuri ni maandalizi ambayo hutayaona: kufungua taa, vitasa na mipira badala ya kuizungushia karatasi, kusaga, kusafisha mafuta. Ukitaka kumjua fundi, usitazame boneti alizomaliza, inama utazame mipira ya madirisha. Ikiwa na mstari wa rangi, umeshapata jibu. Na usishawishike kuifanya mwenyewe uani na barakoa ya vumbi. Hadina nyingi zina isosayaneti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu, na barakoa ya vumbi haizuii mvuke wake.

Kwa magari mengi uamuzi wenyewe hauhusu gari zima. Jua hupiga sehemu zilizolala, hivyo paa na boneti hufa wakati milango ingali hai. Kupaka gari zima kwa ajili ya sehemu mbili ni kuiua milango isiyo na kosa. Ugumu ni kulinganisha. Namba ya rangi iliyo kwenye kibati cha gari inakupa mahali pa kuanzia tu, kwa sababu rangi iliyokaa juani imeshabadilika. Rangi ya fedha ndiyo inayotesa zaidi: chembe zake za metali hulala tofauti kulingana na presha ya bunduki na wingi wa thina, ukapata boneti inayofanana na madigadi ukisimama mbele, na kutofautiana ukisogea pembeni. Fundi mzuri huififisha rangi mpya polepole ndani ya sehemu ya jirani, kisha anapaka klia sehemu hiyo yote ili jicho lisipate mpaka.

Ningekuwa na gari la namna hiyo, ningepiga polishi milango na madigadi kwanza, kwa sponji laini na polishi isiyokwangua sana, kabla boneti haijaenda kwa fundi. Wengi hufanya kinyume chake, boneti kwanza kisha kusafisha kwingine, na fundi anajikuta amelinganisha rangi yake na chaki.