Nimekamatwa kwa Kuchora Vizuri

Najua mmeshasikia. Shoga yangu katuma sauti ya dakika nne kwenye kundi la kikoba, na kwa simu nilizopokea tangu jana, nadhani imeshavuka bahari hadi Pemba. Basi na mimi niacheni niseme yangu, maana kwenye ile sauti kuna uongo mmoja mkubwa: sikuvua nguo zote. Nilivua ushungi na kiatu kimoja.

Mlio wageni hapa: mimi ni bibi wa wajukuu wanne, karani wa hesabu mstaafu, na tangu mwaka huu uanze najifunza kuchora mimea. Siyo maua ya kadi za harusi. Ni ule uchoraji wa kitaalamu: karatasi nyeupe, mmea mmoja, ukubwa wake uleule, vipimo kwa bikari. Ua unalianza kwanza kwa kuwa linanyauka upesi, jani litasubiri. Na mtu akiona mchoro wako autambue mmea bila kuuliza. Kumbukeni hilo.

Darasani kila mtu kachora urujuani wa Usambara, ule ambao mtawala wa Kijerumani aliyekuwa hapa Tanga aliupeleka kwao mwaka 1892, na sasa Ulaya wanaufuga kwenye vyungu madirishani. Urujuani kushoto, urujuani kulia. Nikasema mimi nitaleta kitu ambacho hakuna aliyethubutu kukileta.

Nilikipata Muheza, nyuma ya michungwa ya binamu yangu. Mmea umetambaa juu ya kichaka, majani matatu matatu, maua ya zambarau yananing'inia. Lakini uzuri wenyewe ni maganda! Yamejikunja mfano wa herufi S, yamevaa manyoya ya rangi ya dhahabu kama mahameli. Nikaweka kigoda nikachora saa mbili nzima. Akapita mtoto na kuni zake: "Bibi, hiyo mbona ni..." Nikamwambia nyamaza mwanangu, bibi anachora. Akaniangalia kama anayemwona mtu anakula sabuni, akaenda zake.

Msianze. Nimezaliwa Ngamiani, mjini. Upupu naujua kwa jina tangu shule ya msingi, sura yake sijawahi kukutana nayo.

Maganda sikuyashika. Wala si ujanja. Mwalimu hataki mmea ushikwe kwa vidole vyenye jasho. Nilitandika kanga chini, nikakata vikonyo kwa mkasi, yakadondoka, nikayatia kwenye mfuko wa karatasi. Kanga nikaikunja vizuri, nikairudisha mkobani.

Hapo kwenye kanga ndipo msiba ulipokaa.

Kosta ya kurudi Tanga imejaa, mimi kiti cha nyuma ya dereva, upande wa jua. Jasho likanitoka. Nikavuta kanga nikajifuta. Polepole, kwa raha. Paji la uso. Macho. Nyuma ya sikio hili, nyuma ya sikio lile. Shingo yote. Nikapenyeza mkono hadi kifuani. Halafu, kwa kuwa mama yangu alinilea vizuri, nikaikung'uta kanga dirishani kabla ya kuikunja. Gari liko mbio, dirisha la mbele, upepo ukapokea ukagawa hadi viti vya nyuma. Hakuna aliyekosa.

Kwanza ilikuwa kama sisimizi mmoja. Nikamkuna. Wakaja ndugu zake. Nikajikuna kwa adabu, kidole kimoja, kama mtu anayerekebisha ushungi. Kisha mikono miwili. Kisha nikaanza kujisugua mgongo kwenye kiti kama ng'ombe kwenye mwembe, ushungi ukaenda, kiatu kikaenda. Mama wa pembeni yangu akasema kwa sauti, "Kapandwa huyu!" akaanza kunisomea. Hajamaliza aya, na yeye akajishika shingo. Konda akageuka kuuliza kuna nini, akajikuna tumbo. Dereva akaweka gari pembeni, karibu na Pongwe, akaruka chini kabla halijasimama sawasawa.

Tumeshuka wote, tunakunana. Mzee mmoja wa kanzu akatazama hewani, akasema, "Huu upupu. Nani kapanda na upupu?"

Kimya. Na mimi, wallahi, nikageuka kushoto na kulia nikimtafuta mkosaji. Nikasema kabisa, "Watu wengine hawana utu!"

Mzee akauona mkoba. Akatoa daftari kwa ncha za vidole, likafunguka ukurasa uleule. Upupu mzima mzima: majani matatu, maua, maganda manne, kila unyoya mahali pake. Juu nimeandika "Mkunde wa Dhahabu". Chini majina yangu matatu, tarehe, na neno Muheza.

Akautazama mchoro. Akanitazama. "Mama," akasema, huku anajikuna kwapa, "umepatia."

Yaliyobaki hayana maana. Nauli nililipa ya gari zima. Nilioga, ikawa mbaya zaidi. Nikapakwa majivu, nikapakwa unga uliokandwa, nikalala nimefanana na andazi. Baadaye mwalimu akanifahamisha kuwa jina la kitaalamu ni Mucuna pruriens, na hilo la pili kwa Kilatini maana yake ni yenye kuwasha. Alituagiza siku ya kwanza tutafute jina kabla ya kuchora. Siku hiyo nilikuwa nimekwenda kununua brashi.

Mchoro ameusifu sana. Anasema umebaki kidogo tu: ganda lipasuliwe, mbegu zichorwe pembeni. Maganda mawili yalinusurika. Yapo kwenye chupa, juu ya paa la banda la kuku, na mume wangu kahamia chumba cha watoto. Natafuta mtu wa kunipasulia. Shoga, wewe wa dakika nne, kesho upo?