Tangazo zuri la kazi huwafukuza watu

Nafasi moja ikiombwa na watu 800, waajiri wengi hufurahi na kudhani jina lao limekua. Mimi naona kinyume. Kama wanaofaa kuitwa kwenye usaili ni sita tu, tangazo halikufanya kazi yake, na idara ya rasilimali watu itamaliza siku nyingi ikichambua maombi ya watu ambao wangejiondoa wenyewe kama wangeambiwa ukweli mapema.

Simon Barrow na Tim Ambler, walioandika mwaka 1996 kuhusu chapa ya mwajiri, yaani jina la kampuni kama mahali pa kazi, waliieleza kuwa ni jumla ya manufaa ya kikazi, kiuchumi na kisaikolojia ambayo mtu huyapata kwa kuajiriwa na kampuni fulani. Hakuna nembo humo, wala video ya wafanyakazi wanaocheka kuzunguka meza.

Kwa hiyo anza ndani. Zungumza na watu 12 hadi 15 wa makundi matatu: walioajiriwa miezi mitatu hadi sita iliyopita, waliokaa zaidi ya miaka mitatu, na wanaoondoka. Anayeuliza asiwe bosi wao. Swali linalozaa zaidi ni hili: uliambiwa nini kabla ya kuja ambacho hukukikuta? Jingine: rafiki yako wa aina gani usingemshauri aje hapa? Jambo linalotajwa na nusu ya watu bila kusukumwa ndilo la kuandika, na liandikwe pamoja na gharama yake. Mathalani: "Utajifunza haraka kwa sababu utapewa majukumu kabla hujajiona tayari. Anayependa kuelekezwa kila hatua atapata tabu hapa." Sentensi ya pili ndiyo inayochuja, na ndiyo ambayo wakubwa huifuta.

Kwenye tangazo lenyewe, taja kiwango cha mshahara, na pengo lisiwe pana mno. Kima cha juu kikiwa mara mbili ya cha chini, msomaji hajaambiwa kitu. Sifa za lazima zisizidi tano. Kudai uzoefu wa miaka mitano kwa kazi inayofahamika ndani ya miezi sita kunawazuia wazuri na hakuwazuii wanaoomba kila kitu. Badala ya orodha ndefu ya majukumu, eleza mtu anatarajiwa awe amekamilisha nini kufikia mwezi wa sita. Na ile "awe tayari kufanya kazi chini ya shinikizo"? Wenye uzoefu huisoma hivi: wafanyakazi hapa hawatoshi.

Kinachopuuzwa kuliko vyote ni waliokataliwa. Wakiomba 200 na akaajiriwa mmoja, 199 wanabaki na habari zenu za kusimulia. Aliyetuma maombi apate uthibitisho siku hiyohiyo, hata ukiwa wa kompyuta. Aliyesailiwa ajibiwe ndani ya siku tano za kazi. Aliyefika hatua ya mwisho apigiwe simu na aambiwe sababu moja ya kweli, maana huyo ndiye utakayemtafuta nafasi nyingine ikitokea.

Lawama zikitokea kwenye tovuti kama Glassdoor, ambako wafanyakazi huandika maoni kuhusu waajiri wao, jibu kwa ufupi ukieleza kilichobadilika. Kama hakuna kilichobadilika, nyamaza kwanza ukarekebishe. Kuwaagiza wafanyakazi waandike sifa hugundulika upesi, kwa kuwa zote huingia wiki moja na maneno yanafanana.

Idadi ya maombi isikupumbaze. Pima asilimia ya waombaji wanaostahili usaili, ya wanaokubali kazi wakipewa, na ya wanaoacha ndani ya siku 90 za mwanzo. Mbili za kwanza zikipanda huku ya tatu ikibaki juu, tangazo lako linavutia lakini linaeleza kazi isiyokuwepo. Hapo usiguse tangazo kwanza; angalia wanaoacha walikuwa chini ya msimamizi yupi.