Msitu Mnausingizia

Wauza semina za utajiri wana kauli yao: "Dunia ni msitu, mwenye nguvu ndiye anayekula. Pambana peke yako." Na ukumbi mzima unapiga makofi! Msitu upi huo?

Popo mnyonya damu wa Amerika ya Kati na Kusini akilala njaa siku mbili tatu mfululizo, amekwisha. Na kukosa damu kwake si ajabu. Kinachomwokoa ni mwenzake aliyeshiba, anayemtapikia kidogo mdomoni. Mtafiti Gerald Wilkinson aliliandika hilo mwaka 1984 kutokana na popo wa Costa Rica. Majaribio ya baadaye yakaonyesha kuwa undugu hauamui sana. Kinachoamua zaidi ni kama na wewe uliwahi kumpa.

Mnauliza, mbona matapeli hawajaumaliza mtindo huu? Mtafiti Robert Axelrod wa Marekani alilipima swali hilo mnamo 1980 kwa shindano la programu za kompyuta zilizotumwa na watu mbalimbali. Programu mbili zinakutana mara 200, na kila mara kila moja inashirikiana au inasaliti. Zikishirikiana, kila moja inapata pointi 3. Zikisalitiana, 1. Msaliti akimkuta mwema anazoa 5, mwema anaambulia sifuri. Ikashinda programu fupi kuliko zote, ya Anatol Rapoport: anza kwa wema, kisha mrudishie mwenzako alichokutendea mara iliyopita. Shindano la pili watu wakaja wakijua fika wanapambana na nini. Ikashinda tena. Na angalieni: ana kwa ana haiwezi kumzidi mpinzani yeyote hata pointi moja. Inashinda kwenye jumla.

Ina ubovu wake. Wawili wakiitumia na mmoja akateleza mara moja tu, wanalipizana mpaka mwisho. Dawa ni kusamehe, ila kwa kipimo: kwa pointi hizo, takriban usaliti mmoja katika kila mitatu. Ukisamehe kila mara, kupe wanajaa.

Wacheza upatu hawahitaji kuelezwa. Watu 10, shilingi 20,000 kila wiki: anayepokea kwanza amekopeshwa na wenzake 180,000, na hapo ndipo simu huanza kuzimwa. Ndiyo maana kijumbe anayejua kazi humweka mgeni namba za mwisho, na mzunguko ukiisha anaanzisha mwingine na watu walewale. Mchezo wenye mwisho unaojulikana humvuta mtu asaliti dakika ya mwisho. Majirani nao wana mdomo, na jina likishachafuka, hakuna kundi linalokupokea.

Haya, nakubali shingo upande: kule hifadhi ya Gombe, Tanzania, kati ya 1974 na 1978, sokwe wa kundi la Kasakela waliwamaliza madume wa kundi la Kahama. Ukatili mtupu. Lakini hata huko walivamia kwa kundi, wengi kwa mmoja. Sasa huyu wa "pambana peke yako" somo lake kalitoa kwa mnyama gani?