Anayelipa mawakili ni nani?

Gazeti la familia huanza kushutumiwa kwa undugunaizesheni: baba mhariri, mama mpiga picha, mtoto mwandishi, sasa nani atamkosoa mwenzake? Hoja ina uzito. Lakini wanaoishia hapo hawajaitazama kazi yenyewe.

John Cullen alianzisha Storm Lake Times mwaka 1990 katika mji mdogo wa Storm Lake, jimbo la Iowa, Marekani. Mdogo wake, Art, ndiye mhariri. Mke wa Art, Dolores, hupiga picha na kuandika makala, na mtoto wao Tom alikuwa mwandishi wa habari. Mwaka 2015 mamlaka ya maji ya Des Moines, mji mkuu wa Iowa, iliishtaki kaunti yao pamoja na nyingine mbili, ikidai nitrati, kemikali inayotokana na mbolea, kutoka mashambani inachafua mto inakochota maji. Kaunti zikaweka mawakili wa bei kali. Tom akaanza kudai nyaraka: anayelipa ni nani? Ikabainika kuwa pesa zilitoka kwa wakubwa wa biashara ya kilimo, na majina ya wachangiaji yalifichwa. Kumbuka kwamba mji huo unaishi kwa kilimo, na mtu anayekasirishwa na tahariri asubuhi mtakutana naye dukani jioni. Hata hivyo Art aliandika tahariri zake. Mwaka 2017 gazeti hilo la nakala kama 3,000 likatwaa Tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari Marekani.

Kuna takwimu moja isiyonitoka kichwani. Utafiti wa Gao, Lee na Murphy, uliochapishwa 2020, ulionyesha kwamba gazeti la mahali likifungwa, riba ya mikopo ya serikali za mitaa hupanda kwa pointi za asilimia 0.05 hadi 0.11. Ni kidogo? Kwa mkopo wa dola milioni 100, pointi ya asilimia 0.1 ni dola 100,000 kila mwaka, na mlipaji ni mwananchi ambaye huenda hakuwahi kulinunua gazeti hilo. Mkopeshaji anajua kwamba kwenye vikao vya bajeti hayupo tena mtu wa kuandika.

Familia nazo huvunjika, ni kweli. Akina Bingham wa Louisville, Marekani, waligombana wenyewe kwa wenyewe hadi gazeti lao, Courier-Journal, likauzwa kwa Gannett, kampuni kubwa ya magazeti, mwaka 1986. Hapo kilichoshindwa ni mirathi. Uandishi wao ulikuwa umeheshimika miaka mingi.

Linalonipa wasiwasi zaidi liko Storm Lake kwenyewe. Mwaka 2022 akina Cullen walilinunua gazeti shindani, Pilot-Tribune, wakaliunganisha na lao. Afadhali hivyo kuliko lifungwe, ila sasa mji umebaki na familia moja ya kuuliza maswali, na hakuna gazeti jingine la kuiuliza yenyewe.